Sengu na Mgeni wa Mwezi Machi

Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, walikuwa na kikao walichokiita sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, tangu babu mwenye mji hadi wajukuu wa kiume, walikusanyika kwa mkubwa wao, wakala pamoja, na walipokwisha kunawa mikono mazungumzo yakaanza: shamba lipi lilimwe mwaka huo, kijana gani kapotoka, ugomvi wa nani na nani upatanishwe. Hapo ndipo mtoto wa kiume alipofunzwa kusikiliza kabla ya kunena. Msomaji wa visiwani hatapata tabu kuifahamu sengu. Ni baraza, ila ni baraza yenye chakula katikati. Na chakula hicho, kama kile kitokacho nyuma ya pazia la nyumba nyingi za pwani, kilikuwa na mikono iliyokipika. Wanawake walipika, wakaleta, wakatua, wakaondoka. Yaliyoamuliwa baada ya hapo waliyapata kwa waume zao, ikiwa waume waliona haja ya kuyasema.

Taswira hiyo ya mwanamke atuaye chungu kisha akaondoka yafaa ikumbukwe kila inapofika tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Imekuwa desturi kwa vyuo vyetu, vikubwa na vidogo, kumwalika siku hiyo mwanamke mashuhuri: mwanaharakati, profesa, jaji, waziri wa zamani. Ukumbi hupambwa, wanafunzi wa kike huvaa vitenge vya sare, mgeni husema kwa saa moja, huulizwa maswali matatu, huvishwa khanga begani, hupigwa picha. Jioni yuko njiani kurudi atokako. Kesho yake vikao vya chuo hukutana kama vilivyokutana juzi, na waliokalia viti ni walewale. Alichokileta kimeliwa na kusifiwa. Heshima zote alipewa, lakini hakukaa.

Umatengo ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili, kwa sababu elimu iliyowapa Wamatengo jina mbele ya wataalamu wa dunia imo mikononi mwa wanawake. Wazee wao walipanda milimani katika karne ya 19 wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, na huko juu, kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuitazama, ikawabidi watafute namna ya kulima pasipo udongo kuporomoka. Namna hiyo ndiyo ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke, kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana. Ndani ya kila mraba huchimbwa shimo, na udongo utokao humo hufunika zile nyasi, hata mlima mzima ukaonekana mfano wa sega la asali. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Maharagwe hupandwa juu ya matuta mwezi Machi, na mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka zinaporudi. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Wanawake huchimba, hufukia na kupanda.

Wataalamu wa Japani, wa Ulaya na wa vyuo vya nyumbani wameiandika ngoro na kuisifu kuwa ni hifadhi ya udongo isiyodai saruji wala mkopo. Katika maandishi mengi ya namna hiyo mchimbaji huitwa tu Mmatengo. Kiswahili, kama ijulikanavyo, hakitenganishi mume na mke katika ngeli zake, na hiyo ni neema kubwa kwa washairi, kwani mpenzi anayesifiwa katika beti aweza kuwa yeyote na msikilizaji akamvisha sura aitakayo. Lakini neema hiyohiyo yaweza kumfunika mtu asionekane. Mmatengo achimbaye ngoro ni mwanamke. Mmatengo apokeaye fedha za kahawa, zao lililoingia milimani humo katika miaka ya 1920, aghalabu ni mwanamume. Jina ni moja, mifuko ni miwili. Na shamba lenyewe kwa mila hurithiwa upande wa baba, hivyo yule aliyelichimba miaka thelathini hulichimba kama mke wa fulani, na mume akishafariki huwa hana uhakika kwamba ataendelea kulichimba hata kwa jina hilo.

Chuo kilifika huko mapema. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walifanya kazi Umatengo, na tangu 1999 hadi 2004 Sokoine, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA, iliendesha mradi wa maendeleo uliofanya kazi katika kijiji cha Kindimba. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni kinu cha kusaga nafaka kiendeshwacho kwa nguvu ya maji. Asiyewahi kubeba debe la mahindi kichwani, akapanda na kushuka milima akitafuta mashine, ataliona jambo hilo kuwa dogo. Kamati ya wanakijiji iliyosimamia shughuli ilichukua jina la kale, ikaitwa sengu. Hapana ubaya katika kulihuisha jina. Ni hekima kwa wageni kuanza na kile ambacho wenyeji wanakijua. Ila jina la kikao cha kale likirudi huja pamoja na viti vyake, na kinu husagia wanawake. Hapo swali la nani akae huacha kuwa la wanahistoria.

Safari ya kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam yapita kilomita 1,000, lakini sengu ya huko haina tofauti kubwa na ya Umatengo. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kwa masomo ya sheria, na katika kundi lile la kwanza mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Mwanamke mmoja darasani ni kama mgeni wa Machi asiyeondoka. Waliomfuata waliongezeka polepole, na kufikia miaka ya 1980 wahadhiri wa kike wa Mlimani, Marjorie Mbilinyi akiwa miongoni mwao, walikwisha kuunda kundi la utafiti na uhifadhi wa nyaraka za wanawake lililojulikana kwa herufi WRDP. Jambo walilolifanya ladhihirisha akili yao: hawakungoja kualika watu mashuhuri. Walikwenda kwa wanawake wasiojulikana, wakawasikiliza wakisimulia maisha yao, wakayaandika. Mwaka 1991 Magdalena Ngaiza na Bertha Koda wakahariri kitabu cha masimulizi hayo kwa Kiingereza, ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa ni mashujaa wa kike wasioimbwa. Kwa mshairi, kule kusema “wasioimbwa” ni shutuma inayomhusu yeye kwanza.

Kabla ya kitabu hicho kutoka, palitokea msiba. Pale Mlimani kwa miaka mingi palikuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch. Usiku, watu wasiojulikana walibandika ukutani michoro na maneno ya kumkejeli mtu, na asubuhi chuo kizima kikasoma. Wapo waliokitetea wakisema ni tanzu ya fasihi, ni kejeli ya wanyonge dhidi ya wakubwa, na yasemekana mwanzoni walikejeliwa hata viongozi. Lakini kadiri miaka ilivyopita shabaha ikawa wanafunzi wa kike: aliyekataa kutongozwa, aliyefaulu kupita kiasi, aliyeonekana kujidai. Aliyebandikwa alipaswa kutengwa. Asisalimiwe, asiketi na mtu mezani. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Levina Mukasa, baada ya kusumbuliwa na kutishwa na wanafunzi wenzake wa kiume, alijiua.

Wapenzi wa ushairi wa pwani wana haki ya kulitazama jambo hili kwa jicho lao. Huku kwetu kejeli ni fani, na fani ina adabu yake. Anayerusha fumbo hulirusha katika uwanja ambao aliyerushiwa aweza kusimama akajibu: beti kwa beti, jina la khanga kwa jina la khanga, wimbo wa taarabu kwa wimbo. Hata kijembe kikali kuliko vyote humwachia aliyechomwa ulimi wake. Punch alikuwa fumbo lisilo na mfumbaji wa kujibiwa, ukuta uliosema na usiosikia, na nyuma ya ukuta huo sengu nzima ya wanaume ikicheka. Kuuita ukatili huo fasihi ni kuitukana fasihi. Tena haikuwa siri. Wakubwa wa chuo waliyaona maandishi hayo miaka nenda miaka rudi, na waliyahesabu kuwa ni utani wa vijana.

Waliosimama kujibu walitoka pande mbili, ndani ya chuo na nje yake. Kwa upande wa nje kilikuwepo Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Mzanzibari Fatma Alloo, yule ambaye baadaye, mwaka 1998, alishiriki kulianzisha Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi. Jarida walilolianzisha mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kuambiwa Siti ni nani: binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu, akaimba hadi sauti yake ikanaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Kwamba waandishi wa Dar es Salaam, walipotaka jina la gazeti la kutetea wanawake, walivuka bahari kwa fikra na kulichukua la mwimbaji wa Unguja, ni ushahidi kwamba walijua wanachokifanya. Mwanamke aliyetukanwa na ukuta alihitaji mwanamke aliyezoea kujibu.

Kampeni zilizofuata zilichukua miaka minane hata Bunge likapitisha, mwaka 1998, sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, ambayo iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai. Mwaka 2007 sheria ya kupambana na rushwa nayo ikaitaja rushwa ya ngono katika kifungu chake cha 25. Sheria ni jambo moja. Mwezi Novemba 2018, Rais John Magufuli alipokwenda Mlimani kufungua maktaba mpya, mhadhiri wa sanaa za maonyesho, Vicensia Shule, aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo, na mjadala ukaripuka nchi nzima. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Levina. Safari hii aliyesema alikuwa ndani, mwenye kiti na jina lake, na huo ndio mwendo uliopigwa. Msomaji na aupime mwenyewe urefu wake.

Wanawake hawa waitweje kwa Kiswahili? Si swali la wafasiri peke yao. Lipo neno ufeministi, lililopokewa kama lilivyopokewa neno ujamaa wa kisayansi, yaani likiwa na mashaka kidogo. Wapo wanaolikimbia wakisema ni la kigeni, na haohao husema demokrasia bila kujiuma ulimi. Wengine hupendelea utetezi wa haki za wanawake, maneno yenye adabu ambayo hayamtishi mtu yeyote, na pengine hiyo ndiyo kasoro yake. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, ulisema wazi: ukombozi wa wanawake kimapinduzi. Ni ibara ndefu, haikai vizuri katika mizani ya shairi, lakini haidanganyi. Mtandao huo pia ndio uliofanya kazi kubwa ya kueneza maneno mawili ambayo leo hata dereva wa daladala anayo: jinsia, ikitengwa na jinsi ambayo ni maumbile tu, na mfumo dume. Dume la mnyama, si la mtu. Aliyeitumia ibara hiyo kwanza alikuwa na ulimi wa mshairi wa malumbano.

Maneno haya hayakuenezwa na mihadhara ya Machi. Yalienezwa kwa kiasi kikubwa na Jumatano. Katika viwanja vya TGNP huko Mabibo, kila Jumatano alasiri, zilifanyika Semina za Jinsia na Maendeleo, wazi kwa kila mtu na kwa lugha ya Kiswahili. Mada ingeweza kuwa bajeti ya serikali, maji, ukimwi, ardhi au katiba. Mama lishe aliketi karibu na profesa. Mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye hosteli zake za Mabibo hazikuwa mbali, aliketi karibu na mkazi wa mtaani aliyekuja kulalamikia dampo. Aliyetaka kusema alisema. Hapo profesa aliyezoea kulieleza jambo kwa istilahi za Kiingereza alilazimika kulieleza upya, na katika kulieleza upya mara nyingine aligundua kwamba hakulielewa. Kila mfasiri huijua hali hiyo: maana huonekana kamili mpaka siku ya kuivusha. Huko ndiko kumleta kiongozi kwa wanafunzi na kwa jamii kwa wakati mmoja. Hapakuhitajika zulia jekundu. Palihitajika viti, saa maalumu, na subira ya kurudi wiki ijayo.

Yalikuwepo pia majaribio yaliyokatwa. Mwaka 1995 Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na mhadhiri wa Mlimani Anna Tibaijuka, lilianza kuwaunganisha wanawake nchi nzima bila kujali vyama. Mwaka 1997 serikali ikalifutia usajili. Mwanamke wa chuoni akitua chungu husifiwa. Akikaa, na wa vijijini wakakaa naye, hapo huulizwa kibali.

Mkoa wa Ruvuma, kwa upande wake, si jangwa lililokaa kungoja viongozi wa kike waletwe kwa basi. Katika Vita vya Majimaji alikuwepo Mkomanile, kiongozi wa kike wa Wangoni aliyekuwa miongoni mwa waliopokea maji na kuwashawishi wengine, na aliyenyongwa na Wajerumani huko Songea mwaka 1906, mwanamke pekee katika kundi lile la mashujaa. Kila Februari hukumbukwa pamoja nao. Na katika mji huohuo wa Songea alizaliwa, mwaka 1956, Asha-Rose Migiro, aliyefundisha sheria Mlimani, akawa waziri wa maendeleo ya jamii, jinsia na watoto mwaka 2000, na tangu 2007 hadi 2012 Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wasichana wa Mbinga huyasikia majina yote mawili shuleni. Huyasikia kama mtu asikiavyo habari za nyota.

Ukiteremka kutoka Mbinga kwa barabara ya kilomita 67 hadi Mbamba Bay, baridi ya milimani huachwa nyuma, kahawa hutoweka, muhogo huanza, na Ziwa Nyasa hutandaa kama bahari isiyo na chumvi. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mzanzibari ana undugu na pwani hii kuliko anavyokumbuka, na undugu wenyewe ni mchungu: katika karne ya 19 maelfu ya watu walitekwa katika nchi zilizolizunguka ziwa hili, wakapelekwa kwa miguu hadi Kilwa na kuvushwa hadi Unguja, na hata leo jina la Wanyasa halijasahaulika visiwani. Wako waliokombolewa baharini na manowari za Kiingereza, na wasichana miongoni mwao wakawekwa Mbweni, katika shule ya misheni ya UMCA. Herufi hizo zina habari ndani yake. Ilikuwa misheni ya vyuo vikuu, Oxford na Cambridge mbele, iliyoundwa baada ya David Livingstone kuzihutubia kumbi zake mwaka 1857. Hivyo yaweza kusemwa kwamba chuo kikuu kilifika Ziwa Nyasa kikiwa na meli yake ya mvuke, miaka ya 1880, kabla ya Tanganyika kuwa na jina hilo.

Huko Liuli, ufukoni, liko kaburi la padri William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kulihudumia ziwa maisha yake yote na kuyafasiri Maandiko kwa Kinyanja. Mfasiri hana budi kumwondolea kofia. Lakini wapo pia wanawake waliofundishwa Mbweni, wengine wakawa walimu, wengine wakaolewa na walimu na kufuatana nao hadi vituo vya bara, wakafundisha kusoma, kushona na kutunza wazazi. Walikuwa viongozi wanawake wa kwanza kuletwa kutoka chuoni hadi kwa jamii katika sehemu hizi, nao walikuja kukaa. Walizikwa huko. Makaburi yao hayana msafara wa wageni.

Na ufuko wenyewe una jukwaa lake. Wanaume wa ziwani hucheza mganda, kwa mistari na hatua za kijeshi zilizoigwa enzi za wakoloni. Wanawake wana kihoda, ngoma yao, yenye nyimbo wanazozitunga wenyewe. Kama ilivyo kwa ngoma za wanawake pwani yetu, mwenye kutunga aweza kusema uwanjani yale ambayo akiyasema sebuleni atapigwa. Mume mlevi, mfanyabiashara anayepunja usipa, ofisa asiyeonekana ofisini, wote wana hatari ya kujikuta ndani ya ubeti. Mwanaharakati anayefika Mbamba Bay na hotuba yake ya kurasa kumi ajue kwamba wanaomsikiliza ni mahodari wa kusema hadharani, ila hawajawahi kuombwa waseme ukumbini.

Kipo chuo Mbinga ambacho mwanamke wa huko aweza kukifikia bila kuuza shamba: Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi. Vyuo hivi havina hadhi kubwa. Hufundisha useremala, ushonaji, kilimo, ufundi wa magari. Lakini viliwafungulia mlango wale ambao milango mingine iliwafungia. Mwezi Juni 2017, huko Bagamoyo, Rais Magufuli alitamka kwamba msichana atakayepata mimba hatarudi shuleni. Katazo hilo, ambalo kwa vitendo lilikuwepo kabla yake, liliondolewa na serikali mwezi Novemba 2021. Katika miaka hiyo ya giza mpango uitwao Elimu Haina Mwisho uliwapokea wasichana wa namna hiyo katika vyuo vya wananchi, na mahali pa kulelea watoto palitengwa ili mama akiwa darasani mtoto awe na mwangalizi. Ni chuo kinachomtazamia mwanafunzi kuja na mtoto mgongoni. Vyuo vikuu vyetu vyenye majoho na nyimbo za Kilatini havijafikia ustaarabu huo.

Basi wafeministi na wapelekwe huko. Wapelekwe Mbinga, na Liuli, na Lituhi, pamoja na wanafunzi wao wa sheria, wa kilimo na wa fasihi, wala wasipelekwe kwa siku moja. Kazi ipo na ina anwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ambayo wanasheria wanawake na wenzao waliipigania katika miaka ile, inasema haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Inasema pia kwamba kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Watatu kati ya saba si nusu, lakini ni sengu ambayo kwa amri ya Bunge haiwezi kukutana bila wanawake kukaa. Anayefahamu vijiji anajua jinsi viti hivyo vitatu vinavyoweza kujazwa: shemeji wa mwenyekiti, mama mkimya, mwenzao aliyeandikwa jina bila kuitwa. Mjane aliyefukuzwa kwenye ngoro alizozichimba mwenyewe husimama mbele ya kikao hicho, na kinachoamua maisha yake ni kama mmoja wa wale watatu amekisoma kifungu, na ana ujasiri wa kukitaja mbele ya wazee wa ukoo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria, akiketi naye wiki tatu kwa Kiswahili chepesi, na mjuzi wa Kimatengo akiwa kando, aweza kumpa kifungu. Ujasiri atampa mwanamke mwingine, yule aliyewahi kusimama mbele ya wakubwa wake akasema lisilotakiwa kusemwa, ndiyo maana majina makubwa bado yanahitajika.

Wenye kupanga ratiba wazingatie kalenda ya huko. Machi ni mwezi wa maharagwe. Tarehe nane wanawake wa Umatengo wameinama mlimani, majembe mkononi, na ukumbi wowote utakaofunguliwa mjini siku hiyo utajazwa na wake wa maofisa. Afadhali kuuliza wanawake hukutana wapi bila kuitwa. Milimani ni kinuni, penye foleni ya ndoo na madebe, ambapo mtu huweza kungoja saa mbili. Ziwani ni ufukoni alfajiri, mitumbwi inaporudi na karabai zake, wanunuzi wa usipa wakiwa wamefunga khanga kiunoni, mabeseni yako chini, na bei bado haijakubaliwa.